Wateja wetu walikuwa wanaishi kwenye simu ya mtu mmoja

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kampuni moja inayouza na kutengeneza mashine za fotokopi na printa kubwa zile za maofisini, tulikuwa watu kumi na nne tu, na kati yetu kulikuwa na dada mmoja wa mauzo ambaye kwakweli ndo alikuwa kampuni yenyewe. Miaka sita yuko pale. Anajua mashine ya nani inameza karatasi, nani analipa tarehe tano bila kukumbushwa na nani mpaka umpigie mara tatu, nani ukimtafuta kabla ya saa nne asubuhi hapokei simu. Siku ikafika akapata kazi sehemu nyingine, akaaga vizuri, akarudisha laptopu, akatuandikia ukurasa mzima wa makabidhiano, tukaachana kwa amani kabisa.

Wiki ya tatu simu ya ofisini ikaita nikapokea mimi. Mama mmoja, msimamizi wa ofisi ya mteja wetu wa siku nyingi, anauliza mbona mmeniletea ankara ya mkataba wa matengenezo kwa bei mpya. Nikamwambia mama, bei zimepanda kwa wateja wote mwaka huu. Akanyamaza, alafu akasema taratibu, "Mwanangu, mwaka jana mashine yenu ilikaa imekufa siku kumi na moja hapa ofisini kwangu, nikavumilia, na yule dada akaniahidi kwamba kwa ajili ya usumbufu ule mwaka huu hamtanipandishia. Sasa yeye kaondoka na ahadi nayo imeondoka?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe muda kidogo, nikaingia kwenye folda yetu ya pamoja, nikafungua ile Excel ya wateja, nikakuta jina la ofisi, namba ya simu, aina ya mashine, basi, hamna kingine. Nikapekua imeli za kampuni. Nikaenda kwenye daftari la mafundi na hapo nikazikuta zile siku kumi na moja, fundi kaandika kwa kalamu ya bluu "tunasubiri dramu", yaani kipuri cha mashine, lakini ya ahadi hakuna hata neno moja. Mwisho nikampigia yule dada mwenyewe, akapokea kwa furaha, akasema ndio nilimwahidi, bosi alikubali, tuliandikiana kwenye WhatsApp. WhatsApp ya simu yake binafsi. Mpaka bosi akumbuke, mpaka akubali, mpaka ankara irekebishwe, zikapita siku nne na yule mama alishasaini na watu wengine.

Nimeanza na hii kwa sababu kila nikiongea na wenye biashara kuhusu programu za kusimamia uhusiano na wateja, hizi zinazoitwa CRM, wengi wananiuliza kuhusu ripoti na grafu, na mi naona wanaangalia pembeni. Grafu ni nzuri, sikatai. Ila kitu kikubwa chenyewe ni kwamba ahadi uliyompa mteja isiwe mali ya mtu mmoja, iwe mali ya biashara, mtu akiugua, akienda likizo, akihama, ahadi ibaki pale pale ilipo na yeyote atakayepokea simu aione. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na tukisikia hivyo tunawaza hela na bidhaa stoo. Hela tunaziandika hadi senti ya mwisho, stoo tunahesabu kila mwezi, alafu mteja ambaye ndo analeta hiyo hela tunamuweka kichwani kwa mtu. Sa hapo ni mali gani imekaa bila daftari?

Alafu kichwa chenyewe kina kikomo. Kuna mtafiti wa Uingereza anaitwa Robin Dunbar, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikadiria kwamba binadamu anaweza kushika mahusiano kama 150 hivi kwa wakati mmoja, yaani watu anaowajua kweli na anajua wanahusianaje. Wapo wanaobishana na hiyo namba, ila iwe 150 au 250, fikiria kwamba ndani ya hao kuna ndugu zako, majirani, rafiki zako na watu wa kazini. Nafasi inayobaki ya wateja ni ndogo mno. Sisi tulikuwa na wateja wenye mikataba zaidi ya mia tatu. Yule dada alikuwa na kipaji cha ajabu cha kukumbuka watu na bado, alipokuja kutusaidia baadae kujaza kumbukumbu, mwenyewe alishangaa ni wangapi aliwaacha bila kuwapigia mwaka mzima, na sio kwa uzembe, walimtoka tu akilini kwa sababu hawakuwa wasumbufu. Hapo ndo panaponiuma mimi. Mteja mpole asiyelalamika ndo wa kwanza kusahaulika na ndo anaondoka kimya kimya.

Sasa ngoja nieleze hiki kitu kikoje kwa mtu ambaye hajawahi kukiona, maana maneno ya wauzaji wa hizi programu ni mengi. Ukifungua jina la mteja unakutana na ukurasa wake. Juu kuna jina lake, kampuni yake, simu, imeli, nani kwenye timu yenu ndo anamhudumia. Chini yake kuna mtiririko wa kila kitu kilichowahi kutokea kwa tarehe: tarehe 3 alipiga simu akaulizia wino, tarehe 5 akatumiwa makadirio ya bei, tarehe 9 fundi alienda akabadilisha rola, tarehe 10 alilalamika kwamba kelele bado ipo. Na pembeni kuna sehemu mi ndo naiona roho ya kitu chote, imeandikwa hatua inayofuata, ina tarehe na ina jina la mtu. Kwa mfano: "Jumanne, kumpigia kujua kama kelele imeisha, fulani." Jumanne ikifika yule fulani anaikuta kwenye orodha yake ya asubuhi, akiiruka inageuka nyekundu na mkuu wake anaiona. Basi. Ukielewa huo ukurasa mmoja umeshaelewa CRM, mengine yote yamejengwa juu yake.

Na wala sio wazo jipya. Miaka ya 1950 huko Marekani kulitoka kitu kinaitwa Rolodex, ni gurudumu dogo la mezani lenye vikadi, unalizungusha unapata jina la mtu na simu yake, na wauzaji wazuri walikuwa wanaandika nyuma ya kadi mambo ya mteja. 1987 ikaja programu ya kompyuta inaitwa ACT! ya Pat Sullivan na Mike Muhney, ambayo ilikuwa ni kama zile kadi lakini ndani ya kompyuta, na ikaongeza kalenda na kumbukumbu za mazungumzo. Ila ilikuwa bado ni ya mtu mmoja kwenye kompyuta yake. 1993 ikaanzishwa Siebel Systems, wao wakalenga makampuni makubwa, seva zenu wenyewe (kompyuta maalumu za kutunza mfumo), wataalamu wa kufunga, miezi na miezi, gharama ya kutisha, na mwaka 2006 wakanunuliwa na Oracle. Katikati hapo, 1999, Marc Benioff na wenzake walishaanzisha Salesforce kwenye nyumba ya kupanga San Francisco na wazo lao lilikuwa kwamba huna haja ya kununua seva wala kufunga chochote, unaingia kwa kivinjari kama unavyofungua tovuti yoyote na unalipia kwa mwezi kwa kila mtumiaji. Hiyo ndo ilifungua mlango kwa biashara ndogo kama ile yetu, maana kabla ya hapo watu kumi na nne hamuwezi hata kuota kitu kama hicho. Leo hii zipo nyingi, Zoho, HubSpot, Pipedrive, Odoo, SuiteCRM, na baadhi zina toleo la bure, HubSpot walitoa lao 2014.

Turudi kwenye hadithi yetu. Baada ya yule mama kuondoka bosi alikasirika, alafu akatulia, akaniambia tafuta dawa ya hili tatizo. Nikaanza kwa kuhesabu wateja wanaingiaje kwetu. Aisee. Kulikuwa na simu ya ofisini, simu nne za watu binafsi, imeli ya kampuni, fomu kwenye tovuti, kurasa mbili za mitandao ya kijamii. Nikauliza ile fomu ya kwenye tovuti inaenda wapi. Mmoja akasema inaenda kwa mwenzake. Mwenzake akasema si inaenda kwa bosi. Bosi akasema si mnazijibu nyie. Nikaingia kwenye kile kisanduku nikakuta maombi ya bei arobaini na tatu hayajafunguliwa, la zamani kabisa lina miezi saba. Watu wametafuta, wametupata, wameandika majina yao na simu zao na wanachotaka, kwa hiari yao, na sisi tulikuwa tunalipia matangazo ili tupate watu wengine!

Nilikaa na zile fomu mchana mzima nikizisoma moja moja. Kuna mtu aliandika anahitaji mashine tatu "kabla ya mwisho wa mwezi huu", na mwezi wenyewe ulishapita zamani. Sijui alinunua wapi. Nikampigia hata hivyo, akanijibu kwa upole kwamba alishahudumiwa, akaniuliza kama kampuni yetu bado ipo.

Kuna utafiti mmoja ulichapishwa kwenye jarida la biashara la Harvard Business Review mwaka 2011, walipima makampuni 2,241 ya Marekani waone yanachukua muda gani kumjibu mtu aliyeomba taarifa kupitia mtandao. Asilimia 37 walijibu ndani ya saa moja. Asilimia 23 hawakujibu kabisa, yaani kama sisi. Na kwenye utafiti mwingine uliotajwa kwenye makala hiyo hiyo, waliowahi ndani ya saa moja walikuwa na nafasi karibu mara 7 zaidi ya kupata mazungumzo ya maana na mtu mwenye uamuzi, ukilinganisha na waliochelewa hata kwa saa moja tu zaidi. Ukiifikiria ina mantiki kabisa, mtu akiuliza bei ndo wakati anawaza hicho kitu, kesho anawaza kingine. CRM inachofanya hapo ni kidogo sana kwa kuangalia: fomu ikijazwa inageuka ukurasa wa mteja, inapewa mwenyewe kwa jina, na simu ya huyo mwenyewe inalia. Ile biashara ya "nilidhani umemjibu wewe" inakufa siku hiyo hiyo kwa sababu jina limeshaandikwa.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea ni jinsi mauzo na mafundi walivyoanza kuelewana. Zamani mtu wa mauzo alikuwa anampigia mteja kumuuzia mashine mpya, anaanza na salamu nyingi na uchangamfu, kumbe mteja mashine yake ina siku tatu haifanyi kazi na fundi kasema atakuja hajaja. Unajua mtu anavyojisikia akipigiwa simu ya namna hiyo? Anaona kabisa kwamba hawa wanakumbuka hela yangu hawanikumbuki mimi. Tulipoweka malalamiko na mauzo kwenye ukurasa mmoja, mtu wa mauzo kabla hajapiga anaona alama ya tatizo lililo wazi, anaacha kuuza, anampigia fundi kwanza. Na fundi naye akifika kwa mteja akasikia wanapanga kufungua ofisi ya pili anaandika pale pale kwenye simu, na mauzo wanaiona jioni ile ile. Hizo habari zamani zilikuwa zinaishia kwenye gari la fundi.

Kwa upande wa mkuu wa mauzo faida ipo wazi nisirefushe. Unaona makadirio mangapi yametoka, mangapi yamejibiwa, mangapi yamekaa. Sisi tuligundua kwamba wateja walikuwa hawatukatai kwa sababu ya bei kama tulivyokuwa tunaambizana kila siku, tulikuwa tunatuma makadirio alafu hakuna mtu anayepiga simu ya pili. Zaidi ya nusu ya makadirio hayakuwahi kufuatiliwa hata mara moja. Bila kuandika tungeendelea kushusha bei mpaka leo.

Halafu ipo orodha moja ambayo ningemshauri kila mtu aitengeneze wiki ya kwanza, nayo ni ya wateja ambao hamjawasiliana nao siku 90. Sio wale wanaodaiwa, sio wale wanaolalamika, ni wale waliokaa kimya. Tulipoitoa mara ya kwanza ilikuwa na watu sitini na kitu. Tukagawana, kila mtu kumi hivi, masharti ni kwamba hauuzi chochote, unauliza tu mashine inaendeleaje. Wengine walifurahi mpaka unasikia kwenye simu. Wengine walishahama na hatukujua. Wawili walisema walikuwa wanatafuta namba yetu. Wataalamu wawili wa biashara wa Marekani, Frederick Reichheld na Earl Sasser, waliandika mwaka 1990 kwamba kampuni ikipunguza wateja wanaoondoka kwa asilimia 5 faida inaweza kupanda kuanzia asilimia 25 hadi 85 kutegemea na aina ya biashara, ni masafa makubwa na mi siwezi kukuahidi utaangukia wapi, lakini sababu wanazotoa nimeziona kwa macho: mteja wa zamani hauhitaji kumtafuta kwa matangazo, anakufahamu, hakusumbui na maswali ya mwanzo, na anawaambia wenzake.

Sasa nisije nikaonekana nauza ndoto. Miezi mitatu ya kwanza kwetu ilikuwa mibaya na nusura tuache. Tatizo lilikuwa tulivyoianzisha. Tuliweka vipengele thelathini na moja vya kujaza kwa kila mteja, kila idara ilitaka chake, uhasibu wanataka namba ya mlipakodi, masoko wanataka kujua mteja alitusikia wapi, bosi anataka kujua idadi ya wafanyakazi wa mteja, na vyote tukaviwekea alama ya lazima. Fundi yuko kwa mteja, mikono ina wino, anatakiwa ajaze vitu thelathini na moja kwenye simu ili aandike kwamba amebadilisha rola. Walichofanya watu ni kujaza nukta. Nukta, nukta, nukta, hifadhi. Ukifungua kumbukumbu unakuta nukta tupu. Tukakaa chini tukauliza kipengele kimoja kimoja, hiki nani anakitumia kufanya uamuzi gani? Kama hakuna jibu kinatoka. Vikabaki saba. Ndani ya mwezi mmoja watu wakaanza kuandika vitu vya kweli kwa sababu kuandika kulikuwa kunachukua sekunde chache.

La pili ni hofu, na hili linahitaji kuongelewa wazi wazi. Watu wa mauzo waliona kwamba wakiandika wateja wao mule ndani watakuwa wamejitoa sadaka, maana anayejua wateja ndo mwenye thamani, akishawaandika wote anaweza kufukuzwa kesho. Na kusema ukweli hiyo hofu ina haki yake, yapo makampuni yanafanya hivyo. Kwetu bosi alikubali kuandika kwenye mikataba kwamba kamisheni ya mteja inabaki kwa aliyemleta kwa muda uliokubaliwa hata kama amehudumiwa na mwingine, na ukurasa unaonyesha nani alimleta na lini. Yaani ile ile kumbukumbu waliyokuwa wanaiogopa ikawa ndo ushahidi wao. Kabla ya hapo kila mwisho wa mwezi kulikuwa na ugomvi wa "huyu ni mteja wangu", baada ya hapo ugomvi ukaisha kwa kufungua skrini. Kama mwenye biashara hauko tayari kuwalinda watu wako kwenye hili, programu yoyote utakayonunua watakujazia nukta.

Na bosi lazima aitumie mwenyewe. Wetu mwanzoni alikuwa anapita mezani anauliza "yule mteja amefikia wapi", unamjibu kwa mdomo, anaridhika anaondoka. Sasa kwanini mtu aandike? Siku alipobadilika akawa kwenye kikao cha Jumatatu anafungua skrini ukutani na kuongelea kilichoandikwa tu, wiki mbili zilitosha. Hakugomba mtu. Aliuliza tu kile alichokiona, na kama hakioni haulizi, na mtu unaumia kazi yako nzuri isipotajwa.

Majina yaliyojirudia nayo yanaua. Mteja mmoja kaandikwa mara tatu, mara kwa kifupi cha kampuni, mara kwa jina la msimamizi, mara herufi imekosewa, historia yake imegawanyika vipande vitatu na kila anayefungua anaona theluthi tu ya ukweli, anaamini ndo yote. Kabla ya kuhamisha ile Excel yenu kuingiza kwenye mfumo, safisheni kwanza, hata kama ni kazi ya wiki nzima na inachosha. Sisi tulisafisha baada ya kuingiza, ikatuchukua muda mara mbili.

Kuhusu siri za watu, tafadhali msilichukulie poa. Mnatunza namba za simu, majina, wakati mwingine na mambo binafsi ya watu. Umoja wa Ulaya una sheria yao ya kulinda taarifa binafsi za watu, inaitwa GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inampa mtu haki ya kuomba aonyeshwe kila mlichoandika kumhusu, na faini yake inaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya kampuni dunia nzima, inayochukuliwa ni ile kubwa zaidi. Nchi nyingi nyingine nazo zina sheria za aina hiyo. Lakini hata pasipokuwa na sheria, kanuni niliyowaambia wenzangu ni kwamba andika kila sentensi ukijua mteja mwenyewe ataisoma. Mwenzetu mmoja aliwahi kuandika kwenye ukurasa wa mteja "huyu mkorofi". Tukakifuta, tukaandika "alicheleweshewa mashine mara mbili, anapenda apewe saa kamili". Ni mtu yule yule, ila hii ya pili inamsaidia anayepokea simu kufanya kitu. Na sio kila mfanyakazi aone kila kitu, mweke mipaka, na mtu akiondoka akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Mtu ataniuliza, je mimi nipo peke yangu na wateja ishirini, nahitaji hii? Kwakweli hapana, bado. Daftari au Excel vinatosha ilimradi unaweka ile safu ya hatua inayofuata na tarehe yake na unaifungua kila asubuhi. Siku ambayo mtu wa pili anaanza kuongea na wateja wale wale, hapo ndo muda umefika, usisubiri mpaka muwe kumi na nne. Na kabla hujalipa chochote jaribu kitu kimoja: ingiza wateja kumi, alafu tafuta namna ya kuwatoa wote na historia yao kwenye faili unaloweza kulifungua mahali pengine. Ikishindikana au ikitoa majina tu bila historia, achana nayo, utakuwa umetoa wateja wako kwenye simu ya mtu mmoja ukawafungia kwenye kampuni ya mtu mwingine.

Yule mama wa siku kumi na moja nilimwandikia ukurasa wake hata kama alishaondoka. Ilikuwa ni moja ya kumbukumbu za kwanza kabisa nilizoingiza, nikaandika yote, mashine ilikufa siku ngapi, aliahidiwa nini na nani, ahadi haikutimizwa, kosa ni letu, akirudi anza kwa kumwomba radhi. Ukakaa pale mwaka na miezi.

Siku moja nipo mezani nasikia kijana mgeni, ana wiki mbili kazini, amepokea simu. Anaandika jina, ukurasa unafunguka, namwona anasoma huku ameshika simu begani. Alafu akasema, "Mama, kabla hujaniambia shida yako naomba kwanza nikuombe radhi kwa niaba ya ofisi. Naona hapa tulikuahidi kutokupandishia mkataba na hatukutimiza." Upande wa pili kukawa kimya muda mrefu mpaka kijana akaangalia kama simu imekatika. Kisha nikamsikia anajibu, "Hapana mama, yeye hayupo tena, mimi ni mgeni. Imeandikwa hapa."

Waliongea kama dakika ishirini. Alipokata nikasogea kuangalia skrini yake, alikuwa anamalizia kuandika: "Hatua inayofuata: Alhamisi saa nne asubuhi, fundi aende aangalie mashine mbili, mimi niende naye."